Tumewapita Umri Waliotuimbia

Nawasalimu wasikilizaji wangu wa Bujumbura, ninyi wa Buyenzi na Bwiza, ninyi wa Kamenge na Kinama, ninyi wa Gatumba, na jirani zetu wa Uvira mnaotupata kutoka ng'ambo ya mpaka. Kwa namna ya pekee nawasalimu majirani zangu wa hapa Kajaga, maana leo nitawataja sana.

Leo tuzungumze juu ya umri. Sitazungumzia mvi, wala miwani, wala mgongo unaouma asubuhi. Hayo kila mtu anayajua na daktari yupo. Nataka tuzungumze juu ya umri unaoingia kwa njia ya sikio. Unasikia wimbo uliokua nao, wimbo unaoujua kuanzia gitaa la kwanza hadi la mwisho, na ghafla unatambua kwamba miaka imekwenda.

Chukueni mfano wa harusi. Mnajua jinsi Jumamosi zilivyo huku kwetu. Magari yanakuja kutoka mjini yakipiga honi, maharusi wanapigwa picha ufukweni, kumbi za kando ya Ziwa Tanganyika zinajaa. Hotuba za pande mbili zimekwisha, ng'ombe wamesifiwa vya kutosha, kreti za vinywaji zimegawiwa kila meza. Sasa anayepiga muziki, kijana mwenye kompyuta yake, anashika kipaza sauti na kusema: «Naomba wazazi wetu waje mbele, hii ni ya kwenu.» Wewe umekaa, unageuka kuwatazama wazazi wanaoitwa. Unatarajia rumba ya kale, ile ya baba yako. Kumbe anapiga bendi ya Wenge Musica. Au anapiga Khadja Nin. Au Kidum, wimbo uliotoka ukiwa tayari unajitegemea. Na vijana wote mezani wanakutazama wewe.

Je, limekupata hili? Naamini wengi mnaonisikiliza limewapata.

Tujiulize basi: wimbo wangu uligeuka lini kuwa wimbo wa wazazi? Nani aliutoa huku akaupeleka kule, nami sikuona?

Tuanze na jambo moja dogo, halafu tuingie penye uzito. Kwa nini ni nyimbo za ujana hasa zinazotushika hivi? Mwaka 1989, kule Marekani, watafiti wawili, Morris Holbrook na Robert Schindler, walichapisha utafiti wao. Waliwasikilizisha watu wa rika mbalimbali vipande vya nyimbo zilizovuma katika miaka tofauti, wakawauliza kila kipande wanakipenda kiasi gani. Wakaona kwamba watu huelekea kuzipenda zaidi nyimbo zilizovuma walipokuwa na umri wa miaka 23 au 24 hivi. Umri wa kutafuta kazi, umri wa kutafuta mchumba. Moyo uko wazi, na kinachoingia wakati huo hakitoki. Basi, msikilizaji, fanya hesabu yako hapo ulipo. Ulikuwa na miaka 23 mwaka gani? Redio ilikuwa ikipiga nini?

Hiyo ni sababu moja, na ni ya kweli. Lakini sidhani ndiyo inayotushtua pale ukumbini. Kinachotushtua ni hesabu nyingine, na hiyo ndiyo niliyokuja kuwaambia leo.

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu mwanamuziki Franco wa Kongo alikuwa mzee. Sijui kwenu ilikuwaje. Kwetu, Franco na bendi yake ya T.P. OK Jazz ulikuwa muziki wa watu wazima, wa wanaume waliokaa na chupa zao jioni, redio imewekwa dirishani. Sauti yake ilikuwa nzito, maneno yake ya kuonya. Tulimwona kama mzee wa ukoo. Alipofariki Oktoba 1989, watu wazima walisikitika, nasi watoto tukaona ni kawaida, mzee amekwenda.

Lakini Franco alizaliwa Julai 1938. Alipofariki alikuwa na miaka 51. Narudia, wasikilizaji: miaka 51. Ni umri wa mtu anayesomesha bado, ambaye kitinda mimba wake yuko shule ya msingi. Wapo wanaonisikiliza sasa hivi wamekwisha kumpita.

Na si yeye tu. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro, ambaye gitaa lake lilivuka ziwa likatufikia huku, alifariki kwa ajali ya gari nchini Kenya, Januari 1979. Alikuwa na miaka 34. Wazee wetu walimwita Mbaraka kwa heshima kana kwamba ni mkubwa wao, na sisi tukarithi heshima hiyo. Leo ana umri wa mdogo wangu wa mwisho. Marijani Rajab wa Dar es Salaam, aliyeimba kama mtu aliyekwisha kuona yote ya dunia, alifariki mwaka 1995 akiwa na miaka 40. Pepe Kalle, yule mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, alifariki Novemba 1998 akiwa na miaka 46.

Mnaliona jambo lenyewe? Hawa walikuwa mbele yetu. Tulikua tukiwatazama juu. Kisha wao wakasimama pale waliposimama, sisi tukaendelea kutembea, na siku moja, bila ya kuambiwa na mtu, tukawapita. Kaka zetu wakubwa wamekuwa wadogo zetu. Redioni sauti yao ni ile ile, haina hata kikohozi kilichoongezeka, lakini anayewasikiliza amekuwa mtu mwingine.

Na ukishakuwa mtu mwingine, hata wimbo unageuka. Hapa naomba tukae kidogo.

Wote mnaukumbuka «Mario». Franco aliutoa mwaka 1985, na ulipigwa Bujumbura mpaka watu wakaujua hata wasiojua Kilingala. Kisa chake mnakijua: kijana mwenye vyeti vyake vya shule, lakini hataki kufanya kazi, anaishi kwa mama mmoja mwenye mali aliyemzidi umri, anakula, anavaa, anaendesha gari la mama, na juu ya hayo anamletea vurugu. Tulipokuwa vijana tulikuwa upande wa nani? Tulikuwa upande wa Mario. Tulicheka. Jina lenyewe likawa utani mtaani: kijana akivaa vizuri bila kazi inayoeleweka, aliitwa Mario.

Uwekeni tena wimbo ule leo, muusikilize mpaka mwisho. Ni mrefu, unakaribia robo saa. Mimi nikiusikia sasa sisikii kisa cha kijana mjanja. Namsikia mama. Mtu aliyefanya kazi, akajenga, akawa peke yake, akatafuta mwenzake wa kuzungumza naye jioni, akampata mtu wa kumtukana nyumbani kwake mwenyewe. Na nasikia kwamba Franco, aliyekuwa na miaka 46 au 47 wakati ule, alikuwa upande wa mama tangu mwanzo. Alikuwa akitukanya, nasi tukadhani anatuchekesha. Wimbo ni ule ule, ila sisi tumehama benchi.

Ndivyo ninavyoupima umri, wasikilizaji. Magoti yanaweza kuuma hata ukiwa na miaka 20. Lakini ukiona katika wimbo wa ujana wako umeanza kumwonea huruma mtu uliyekuwa ukimcheka, jua umevuka.

Sasa tuwakumbuke walio hai, maana wapo, na wao pia wanatuhesabia miaka. Khadja Nin alizaliwa huku kwetu Burundi mwaka 1959. Albamu yake «Sambolera» ilitoka 1996, akiimba Kiswahili, na ikasikika mbali sana na hapa. Mnakumbuka 1996 ilikuwaje? Nchi ilikuwa vitani, na kuanzia Julai mwaka huo majirani walitufungia mipaka kwa vikwazo vilivyodumu hadi mwanzoni mwa 1999. Petroli ilikuwa shida, sukari shida, betri za redio shida. Katikati ya hayo yote ikaja sauti ya binti wa Burundi, tulivu kabisa. Waliokuwa vijana wakati ule hawawezi kuisikia sauti hiyo peke yake. Wanaisikia pamoja na giza la mtaa na hesabu ya betri: tuzime redio saa ngapi ili ziwepo za taarifa ya habari kesho asubuhi. Mwaka 2018 Khadja Nin alikaa kwenye jopo la waamuzi wa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa. Vijana waliona picha zake wakauliza: huyu mama ni nani?

Na Kidum, Jean-Pierre Nimbona, aliyeanza na ngoma kabla ya kushika kipaza sauti. Aliikimbia vita mwaka 1995 akaenda Kenya, na kutoka Nairobi akatuimbia amani katika «Yaramenje». Alizaliwa 1974. Tulimjua akiwa kijana. Leo wanaoanza muziki wanamwamkia kama baba. Mwimbaji Jean-Christophe Matata yeye ametutoka, mwanzoni mwa 2011, akiwa Afrika Kusini. Na Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, Aprili 2016, akiwa na miaka 66, mbele ya watu waliokwenda kumtazama. Asubuhi ile, hapa Kajaga, kila kibanda chenye redio kilikuwa kikimpiga yeye. Hakuna aliyepanga iwe hivyo.

Wasikilizaji, nimewataja wanamuziki. Sasa nataka nitaje kitu walichotufikia nacho, maana bila hicho mazungumzo haya hayakamiliki. Kaseti.

Walio na umri wangu, fungeni macho muikumbuke mikononi. Juu yake, kwenye ukingo, kulikuwa na vijino viwili vya plastiki. Ukivivunja, hakuna tena wa kurekodi juu ya wimbo wako, kaseti imefungwa. Lakini wakati wa vikwazo kaseti tupu ilikuwa haikamatiki kwa bei. Tulifanyaje? Tulichukua kaseti ya baba ambayo vijino vimekwisha kuvunjwa, tukaziba vitundu kwa karatasi iliyokunjwakunjwa au kipande cha solotepu, tukairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa betri, halafu tukarekodi Wenge juu ya Tabu Ley. Vijana wa leo, hivyo ndivyo tulivyofanya. Na ukisikiliza vizuri, pale wimbo mmoja unapokwisha kabla wa pili kuanza, palikuwa na sekunde mbili tatu ambazo hatukuzifuta: sauti ya Tabu Ley inachomoza, inakatwa. Baba akipita karibu alikuwa akiitambua. Alisimama kidogo, akaendelea na safari yake.

Tena kulikuwa na sauti ya mtangazaji. Sisi tuliorekodi kutoka redioni tulichukia mtangazaji akizungumza juu ya gitaa. Leo naona alitufanyia kazi kubwa. Alisema: huu ni wimbo fulani, okestra fulani, mtunzi fulani, gitaa la solo fulani. Kwa kuusikia mara nyingi, tukamjua kila mtu kwa jina, hata aliyepiga besi. Ndiyo maana watu wa rika langu watakutajia kikosi cha Zaïko Langa Langa au cha okestra Amabano kama wanavyotaja wachezaji wa timu yao.

Na usiku? Vijana, mnajua kwamba mji huu uliishi chini ya amri ya kutotembea usiku tangu 1972 hadi ilipoondolewa Aprili 2006? Ilibadilika saa zake, ikakazwa na kulegezwa kadiri hali ilivyokuwa, lakini ilikuwepo. Ukienda kwenye muziki ukachelewa, hukurudi nyumbani. Ulibaki ulipo mpaka kuche. Kwa hiyo nyimbo zile hatukuzisikia kwa dakika tatu tukiwa ndani ya basi. Tulikaa nazo usiku kucha, watu wa kila kabila na kila mtaa, milango imefungwa, tukingoja alfajiri. Baadhi ya waliokesha nasi hawapo tena, na kila mtu anajua miaka ile ilimchukulia nani. Wimbo ukianza, kabla ya muziki kuniingia, huwaona wao wakivuta viti.

Nalisema hili polepole, kwa sababu ni zito. Kwetu sisi wa nchi hii, kuzeeka na muziki maana yake ni kuwa miongoni mwa waliobaki wanaojua nani alikuwa akicheza na nani.

Sasa nirudi Kajaga. Majirani zangu mnakumbuka maji. Ziwa lilipopanda kuanzia 2020, na tena 2024, maji ya Tanganyika yaliingia vyumbani mwetu. Rusizi nayo ikafurika Gatumba. Watu walibeba magodoro, masufuria, vyeti vya watoto, wakaondoka. Kaseti hakuna aliyezibeba. Nani angefikiria kaseti?

Maji yaliposhuka, jirani yangu mmoja, seremala aliyekwisha kuacha kazi, alitoa sanduku lake nje. Alitandika mkeka juani akazianika kaseti moja moja. Tope jembamba lilikuwa limekauka ndani ya vile vidirisha, utepe umegandana, na majina aliyokuwa ameyaandika kwa wino yamekwenda na maji. Lakini yeye alizitambua kwa rangi ya plastiki na kwa mikwaruzo: hii ya kijivu Amabano, hii nyeusi Franco, hii yenye ufa Remmy Ongala. Mjukuu wake akachuchumaa akauliza: «Babu, hivi ni nini?» Akaelezwa. Mtoto akatoa simu, akatafuta jina mojawapo, na kweli, wimbo ukapatikana. Ukalia pale pale mkekani. Mzee akasikiliza, akafurahi, halafu akatikisa kichwa: «Wimbo ndio huu. Lakini hapa wameandika gitaa la mtu mwingine. Huyu aliingia kwenye bendi baadaye.»

Mtoto hakuwa na njia ya kulijua hilo. Simu haikulijua. Alilijua mzee peke yake.

Na maji si mwizi pekee. Mei 2015 vituo kadhaa vya redio binafsi vya mji huu viliharibiwa, pamoja na vilivyokuwemo ndani. Sisi wenyewe, nimekwisha kusema, tulifuta nyimbo za baba zetu kwa mikono yetu.

Najua kuna vijana wanaosikiliza wanasema: mzee huyu sasa ataanza kusema muziki wa leo ni kelele. Hapana, sitasema. Nakumbuka wazazi wetu walivyosema juu ya Zaïko na Wenge: muziki gani huu, watu wanapiga makelele katikati ya gitaa? Walikuwa wakimlalamikia atalaku, yule anayewachangamsha watu kwa kuita wakati wa sebene, ile sehemu ya wimbo ya kucheza. Leo atalaku ni sehemu ya urithi. Rumba ya Kongo iliandikwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa binadamu Desemba 2021. Big Fizzo ana watu wake, Sat-B ana watu wake, na Diamond, mwenye asili ya Kigoma, ziwa letu hili hili, ana watu hapa wengi kuliko tulivyo sisi. Vijana wanaowapenda nao watafika 50 na kuitwa mbele ukumbini, na wimbo utakaopigwa ni ule wanaocheza leo mchana.

Jambo moja tu linanisumbua kwa dhati. Nyimbo za leo zinakuja bila majina ya waliozipiga. Jina la mwimbaji lipo, limeandikwa kwa herufi kubwa. Aliyepiga gitaa, aliyetengeneza mdundo, aliyeitikia, hayupo. Vijana hawa wakifika umri wetu, wataulizwa na wajukuu, watajibu nini?

Kwa hiyo nina ombi, na ni ombi la vitendo. Kama una kaseti, hata moja, hata imelowa, usiitupe. Andika jina juu yake leo, kwa kalamu isiyofutika. Kama huna kaseti lakini unakumbuka, mkalishe mtoto mmoja wa nyumbani, mwambie afungue simu arekodi, umtajie: wimbo huu alitunga fulani, gitaa fulani, tuliusikia mahali fulani, tulikuwa na fulani na fulani. Nanyi vijana, msingoje kuitwa. Mkisikia mzazi anaimba jikoni, muulizeni ni wimbo gani na alikuwa wapi aliposikia mara ya kwanza. Hilo la pili msilisahau.

Wiki ijayo tutaufungua mlango kwa ninyi wasikilizaji. Kila mmoja alete wimbo mmoja wa umri wake wa miaka 23, pamoja na majina ya waliokuwepo. Wa Buyenzi najua mtaniletea taarab, karibuni nayo. Watu wa Uvira, msiniletee Franco tu, leteni na bendi za kwenu ambazo hazikufika Kinshasa.

Muda wetu umekwisha. Fundi mitambo ananionyesha saa. Tunawaacha na Jean-Christophe Matata, na safari hii sitazungumza juu ya gitaa. Kwaherini, tukutane wiki ijayo, saa hii hii.